Mama Mkwe na Betri ya Mia kwa Mia

Kabla sijaolewa, nilimjua mama mkwe wangu kwa vipande. Simu yake ilikuwa na betri mbovu kiasi kwamba hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kusikia sentensi yake ikifika mwisho. Siku mchumba wangu alipotuunganisha kwa mara ya kwanza, mama mkwe aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya, Kitale. Akavuta pumzi, akasema, "Aa, nyinyi watu wa kule..." na simu ikazima. Ilibaki hivyo siku nzima. Nilikwenda kazini, nikauza vigae, nikala, nikaoga, na wakati wote huo nilikuwa najiuliza watu wa kule tumefanya nini.

Nilikuwa nimekuja Kampala kwa kazi hiyo ya vigae, katika duka moja kule viwandani, na nilipanga chumba Bugolobi, mahali ambapo asubuhi upepo ukiwa na roho nzuri unaleta harufu ya kahawa inayokaangwa, na ukiwa na roho mbaya unaleta mambo ambayo si ya kuandika. Mchumba wangu tulikutana hapohapo dukani. Alikuja kununua vigae vya choo vya nyumba ya mama yake. Mwanaume anayemjengea mama yake choo kizuri kabla ya kujinunulia televisheni, nikasema moyoni, huyu anafaa kuchunguzwa. Alikuwa mwanajeshi, mtoto wa mwanajeshi, mjukuu wa mwanajeshi, watu wa kaskazini. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mama yake alikuwa polisi mstaafu, akiishi peke yake Banda, ng'ambo kidogo ya chuo cha Kyambogo. Muda si mrefu baada ya kunivisha pete, mchumba akapelekwa Mogadishu, nami nikabaki na pete, vigae, na mama mkwe wa vipande.

Kila Jumapili baada ya ibada mchumba alikuwa anampigia mama yake. Ilikuwa hivi: "Mama, habari?" "Nzuri, mutoto yangu. Unakula?" "Nakula, Mama. Na wewe mguu wako..." Kimya. Halafu ananipigia mimi, sauti imemshuka, kuniuliza kama najua lolote kuhusu mguu.

Jumapili moja akachoka. Akaniambia, "Mpeleke Mama akanunue simu. Usimnunulie mpya, ataifungia kabatini na kuifunika kitambaa. Tafuta iliyotumika, lakini betri iwe nzima. Wewe ni Mkenya, hawatakuweza."

Sifa hiyo niliipokea bila haya. Ukweli ni kwamba tangu nivuke mpaka wa Busia nilikuwa nimedanganywa na kila mtu aliyependa, kuanzia mwenye nyumba hadi muuza parachichi. Tena sikuwahi kukaa na yule mama peke yetu. Tulikuwa tumeonana mara chache, daima mbele ya watu, daima kukiwa na sahani ya chakula katikati yetu ya kutulinda.

Basi nikajiandaa. Niliangalia video za vijana wanaoongea haraka kuhusu betri hadi kichwa kikaniuma. Nilichotoka nacho ni hiki. Simu ina namba mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni chaji, yaani jerikeni ina maji kiasi gani sasa hivi. Nyingine ni afya, yaani hiyo jerikeni yenyewe bado ina ukubwa wake au imeshabonyea. Simu iliyotumika miaka miwili mitatu, afya yake ikiwa themanini na kitu, ni simu ya kawaida, imezeeka kama tunavyozeeka sote. Angalia kioo kisiwe kimeinuka pembeni, maana betri ikivimba hukisukuma. Shika mgongo wake usikie joto. Halafu ifanyishe kazi ngumu, uone chaji inashuka polepole kama mtu mzima kwenye ngazi, au inaruka kama mbuzi.

Tulikutana Nakawa Jumamosi asubuhi, karibu na soko. Alikuwa amevaa sketi ya kijivu na viatu vyeusi vilivyong'arishwa hadi ungeweza kujipaka wanja ndani yake. Mkoba aliubana kwapani kama rungu.

"Umekula?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Uongo. Twende."

Lazima niseme kitu kuhusu Kiswahili chake. Hakikuwa lugha ya mama yake wala ya jirani zake; alikipata depo, kwenye mafunzo ya polisi, na kilibaki na tabia za depo. Kilijua kusimamisha watu, kuwapanga mstari na kuwauliza walikuwa wapi. Kukaribisha hakikujua. Na Kampala hii, ambako wazee wengi bado wakisikia Kiswahili wanakumbuka bunduki za wanajeshi wa zamani, kila alipofungua mdomo watu walijikuta wamesimama wima bila kujua kwa nini. Mimi na Kiswahili changu cha Kitale cha kuomba na kushukuru nilionekana kama mfungwa wake.

Njiani akanipa mafunzo. "Simu ni kama mushukiwa," alisema. "Hapana uliza simu. Angalia mutu ambaye anauza simu. Macho, masikio, mikono. Mimi nilifanya hii kazi mpaka nywele ikakuwa nyeupe."

"Mama, kuna pia afya ya betri, mtu anaweza kuangalia ndani ya..."

"Masikio," akarudia.

Duka la kwanza lilikuwa kibanda cha kabati la vioo, chini ya jengo moja, na mwenyewe alikuwa mama wa Kikongo wa umri wangu hivi, kitenge kizuri, nywele zimesukwa kwenda juu kama mnara. Alitupatia simu moja iliyokuwa na mkwaruzo pembeni. Kabla sijauliza chochote, akaniambia mwenyewe.

"Dada, miye siwezi kukudanganya. Betri ya hii si mupya. Afya yake iko themanini na ine. Kwa mutu wa kupiga simu na kuangalia video kidogo, inafika mangaribi. Kwa mutu wa michezo, haifike."

Akafungua mipangilio, akanionyesha. Themanini na nne. Kioo kilikaa sawasawa, mgongo ulikuwa baridi. Kwa kila nilichojifunza, ile ndiyo ilikuwa simu. Lakini themanini na nne ni namba isiyo na raha. Ukiileta nyumbani kutoka shule, mzazi anakuuliza kumi na sita zimekwenda wapi.

Mama mkwe alikuwa hatazami simu. Alikuwa anamtazama yule mama masikioni.

"Kwa nini anajisema?" akaniuliza, kwa sauti ambayo mwenye duka alisikia vizuri sana. "Mutu akikuja kituoni mwenyewe kukubali kosa kidogo, ujue amezika kosa kubwa nyuma ya nyumba."

"Mama..."

"Wewe," akamgeukia. "Hii simu ulitoa wapi?"

"Nilinunua kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Yuko wapi? Alikufa?"

Yule mama akaichukua simu yake polepole kutoka mkononi mwangu, akaifuta kwa kitenge kana kwamba tumeitemea mate, akairudisha kabatini. "Mama mukubwa," alisema, "enda na Mungu. Lakini enda."

Tukaenda. Nilikuwa na aibu, lakini nisijifanye malaika: nilikuwa pia nawaza kwamba huko mbele huenda kuna tisini.

Kulikuwa na mia. Ghorofani katika jengo lilelile, nyuma ya mlango wa kioo, kwenye duka lenye kiyoyozi na harufu ya manukato, alikuwepo bwana mmoja wa viatu vyenye ncha, Muganda mwenye tabasamu la mchungaji wakati wa sadaka. Simu aliyotutolea ilikuwa inang'aa. Alikuwa ameichomoa kwenye chaja wakati huohuo.

"Nyabo, hii ni ya kutoka Uingeleza," alisema, akiniita bibie kwa Kiganda chake. "Mzungu aliitumia kidogo tu, kwa hesima. Angalia betiri. Mia kwa mia. Kamiri."

Akanionyesha afya ya betri. Kweli, mia. Nikaona moyo wangu unaanza kutabasamu wenyewe.

Mama mkwe akapiga hatua moja mbele. "Wewe. Jina la hii simu ni gani?"

Na hapo yule bwana akafanya jambo ambalo mpaka leo namvulia kofia. Alinyooka, akabana visigino, akasema, "Ndiyo, afande."

Afande! Sijui aliona viatu, au mkoba, au ni Kiswahili kile. Ninachojua ni kwamba tangu astaafu, hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo. Wajukuu wa jirani walimwita nyanya, kanisani walimwita dada katika Bwana. Nikamwona mama mkwe wangu akirefuka. Mabega yalirudi nyuma, kidevu kikapanda. Mpelelezi wa miaka yote ile, bingwa wa masikio, hakuangalia sikio hata moja.

"Huyu ni mutu muzuri," akanitangazia. "Tuchukue."

"Mama, tuipime kwanza."

"Nyabo," bwana akasema kwa masikitiko, "betiri ya mia unapima ya nini? Ukinunua maji unapima kama yamelowa?"

Mama mkwe akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kizuri, kinene, na alikuwa anamchekea mwanaume anayetaka kutuibia.

Hapo ndipo nilipojikuta penye njia panda ambayo hakuna kijana yeyote wa video aliyenionya. Simu ilikuwa na joto mkononi mwangu, joto la kitu kilichotoka kwenye chaja baada ya kukaa humo tangu alfajiri. Tundu lake la chaja lilikuwa limechakaa, na namba ya mia kwa simu ya namna hiyo haikuniingia akilini. Lakini nikikataa, nampinga mama mkwe mbele ya mtu, siku ya kwanza tuko peke yetu, na ndoa bado haijafungwa. Wanawake wa kwetu wangeniambia nunua, ufe ukiwa na adabu.

Nikasema, "Mama, mwanao ameniambia nisirudi bila kupima. Ni amri yake."

Hakuwa ameniambia hivyo. Lakini neno amri nililichagua vizuri. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, akabana midomo. "Pima," alisema. "Haraka."

Nikapandisha mwanga wa kioo hadi juu kabisa, nikafungulia video ya kwaya ya kanisa lao, iliyorekodiwa na mtu aliyekuwa anatetemeka. Chaji ilisema tisini na tisa. Tukakaa. Kwaya ikaimba. Bwana akamtuma mtu alete soda, akampa afande, mimi akanisahau. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza, na ile tisini na tisa ilikaa palepale kama chifu. Haikushuka hata moja. Bwana akanionyesha kwa kidole, kwa ushindi. Mimi ndiyo kwanza nikazidi kuogopa, kwa sababu kitu kinachofanya kazi lazima kichoke.

Ili kuua kimya, nikamwuliza mama mkwe swali lililokuwa limenikaa kooni. "Mama, siku ile ya kwanza kwenye simu. Ulisema, nyinyi watu wa kule. Ikakatika. Ulitaka kusema nini?"

Akafikiri. "Kitale?"

"Ndiyo."

"Nyinyi watu wa kule iko na mahindi muzuri."

"Basi?"

"Basi nini tena?"

Nilikuwa nimepoteza usingizi kwa ajili ya mahindi.

Ilikuwa wakati huo, nikiwa nimechoka na nimepumua kidogo, nikakumbuka jambo la mwisho la wale vijana: kamera. Kupiga picha na taa yake kunavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri dhaifu haiwezi kujificha. Nikasema, "Mama, simama tumpigie picha mwanao, aone ulivyopendeza."

Alisimama mara moja. Alitoa kitambaa kichwani, akalaza nywele kwa kiganja, akashusha mikono ubavuni na kukaza uso kama wa kitambulisho. Bwana wa viatu vya ncha akajipenyeza pembeni yake, naye atokee pichani. Nikawasha taa ya kamera. Nikabonyeza.

Taa ilimulika, na simu ikafa. Haikuzima kwa utaratibu wala kuaga. Kioo kikawa cheusi, na kwaya ikakatwa kwenye haleluya, ikabakia hale.

Kisha bwana akasema, kwa sauti ndogo, "Imeogopa, afande."

Mama mkwe alikuwa bado amesimama, mikono ubavuni. Polepole akageuza kichwa. Nikaona jinsi lile neno afande lilivyokuwa linamtoka usoni, tone kwa tone.

"Washa," alisema.

Bwana akabonyeza. Hakuna. Akachomeka chaja, akabonyeza tena, akasubiri, akatabasamu, akafuta jasho katika kiyoyozi chake. Simu ilipoamka ilionyesha chaji ya mbili. Dakika chache nyuma ilikuwa tisini na tisa. Nikafungua mipangilio. Afya: mia kwa mia, bila haya hata kidogo.

"Mama," nikasema, "namba hii imeandikwa tu. Ndani kuna betri nyingine, na kuna mtu ameifundisha kusema mia."

"Huyu," mama mkwe akasema akininyooshea kidole bila kunitazama, "ni muke ya mutoto yangu." Alisahau papo hapo kwamba alikuwa upande wa pili wa vita. "Mutoto yangu iko kazini, mbali, na wewe unadanganya muke yake mbele ya mimi? Mimi nimekaa hapa nakunywa soda yako?"

Nilisikia neno lile moja tu, muke. Hadi siku hiyo nilikuwa "huyu Mkenya" na, siku nzuri, "huyu mugeni". Nikashika meza ya kioo nisije nikacheka au nikalia, maana vyote viwili vilikuwa karibu.

"Nani alikuambia kusema mia?" akamwuliza. Hakupandisha sauti. Aliishusha, na ilikuwa mbaya zaidi.

Bwana akakaa chini. Tabasamu lilikuwa limeisha chaji. "Afande, ni fundi. Anabadirisha betiri, anaweka ya bei ndogo, anapanga namba. Kira mutu anafanya."

"Kila mutu?"

"Kweri. Mimi nikisema themanini na tano, mutu anatoka. Anakwenda kwa yule anasema mia." Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi mulikuwa mukinunua hii. Si mulikuwa mukinunua?"

Lilikuwa swali zuri. Mama mkwe alimaliza soda yake, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha ushahidi nyuma, akaweka chupa mezani, tukatoka. Kwenye ngazi alitangulia. Chini kabisa akasimama.

"Yule mama wa Congo," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Masikio yake ilikuwa kadogo. Iliniharibia kazi."

Tulirudi kibandani. Yule mama alikuwa anamhudumia mteja, akatuona, akaendelea kama hakutuona. Alipomaliza, akaegemea kabati. "Mumerudi kunifunga?"

Mama mkwe akasafisha koo. "Upelelezi umeisha," alisema. "Hukupatikana na kosa."

"Na hiyo ndiyo kusema pole, kwa inchi yenu?"

"Kwa polisi, ndiyo."

"Basi kwa duka yangu, simu haiko ya kuuza."

Nikataka kuingilia, mama mkwe akaninyamazisha kwa kiganja. Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemkatalia kitu kwa utulivu namna ile tangu mumewe afariki. Hakuondoka. Alisogea pembeni ya kibanda, akaupachika mkoba kwapani na kusimama. Alisimama tu, visigino pamoja, kama lindo kwenye lango la benki. Mimi nikasimama nyuma yake, nisijue kama tunaomba msamaha au tumeteka duka.

Wateja wakaja, wakaenda. Jua likasogea. Akaja kijana mmoja mwenye miwani ya giza, akachukua kava la simu, akataka kuondoka nalo kwa nusu ya bei, na alipoambiwa haiwezekani akaanza kumtukana yule mama juu ya kwao na juu ya nywele zake. Mama mkwe hakusogea.

"Wewe," alisema tu.

Kijana akageuka, akaona viatu, akapanda na macho hadi usoni. Alilipa bei yote. Aliomba na radhi. Akasahau kuchukua kava, ikabidi nimkimbilie.

Nilipogeuka, yule mama wa Kikongo alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kabati na mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka ule mnara wa nywele unayumba.

"Mama mukubwa," alisema akijifuta macho, "ukikaa hapa kila siku, nitakulipa mushahara."

"Pole," mama mkwe akasema. Lilimtoka fupi na gumu, kama jino. "Nilikutukana bure. Pole."

"Aya. Nimesikia." Akafungua kabati. "Lakini munapime. Musiamini mutu kwa mudomo. Munapime."

Tukapima. Tulicheza kwaya ileile hadi yule mama akajua maneno ya kiitikio. Chaji ilishuka moja, ikapumzika, ikashuka nyingine. Tukawasha kamera na taa, tukampiga mama mkwe picha ya kitambulisho, kisha nyingine ambayo wote wawili wamo, yeye na mwenye duka, mmoja amenyooka na mwingine ameinama kwa kicheko. Simu haikushtuka. Tukainunua na mkwaruzo wake. Tulipokuwa tunaondoka, yule mama alimwonya asiilaze kwenye chaja juu ya godoro, na mama mkwe akaitikia, "Ndiyo, afande," bila kutabasamu. Hadi leo sijui kama alikuwa anatania.

Jumapili iliyofuata alinialika Banda baada ya ibada. Mwaliko wenyewe ulikuwa: "Kuja. Kuna maharage." Nilimkuta nje ya mlango wa jikoni, kwenye mkeka, ungo magotini, anachagua mawe. Simu ilikuwa imesimamishwa kwenye sufuria iliyopinduliwa, na mchumba wangu alikuwa anapiga. Uso wake ukajaa kioo, mweusi zaidi kwa jua la huko, amekonda.

Walisalimiana. Aliuliza mguu, na kwa mara ya kwanza akapata jibu lote: unauma wakati wa mvua, daktari alisema apunguze chumvi, yeye alimwambia daktari apunguze maneno. Aliuliza choo. Vigae vimekaa vizuri. Aliuliza kuku. Wakaongea kuhusu jirani aliyehama, na mchungaji mpya ambaye mahubiri yake ni marefu. Kisha maneno yakaisha. Ilikuwa mara ya kwanza yanaisha kabla ya betri, na hakuna aliyejua kinachofuata.

"Sasa?" mama akasema.

"Sasa nini, Mama?"

"Hii simu haizimi."

"Si ndiyo tulitaka?"

"Ile ingine ilikuwa inanisaidia. Dada ya baba yako akianza maneno yake, inakufa. Sasa anaongea mpaka anafika mwisho." Akatupa jiwe. "Sikujua kama iko na mwisho."

Mimi nilicheka, na yeye kule akacheka. Mama akaendelea na maharage. Hakuna aliyekata simu. Mchumba wangu alikuwa ametoka lindo asubuhi ile; aliiegemeza simu yake mahali, akalala kwa ubavu, akawa anamwangalia tu mama yake anavyopepeta ungo. Mara moja aliuliza kama hiyo sufuria ni mpya. Mara nyingine aliniambia nisogee, namziba. Nikasogea, nikakaa kwenye mkeka, nikachukua gao la maharage nichague na mimi. Mama mkwe aliyatazama niliyochagua, akaondoa mawili mabovu.

Nilipoinua macho tena, mchumba wangu alikuwa amelala. Mdomo wazi, shavu limebanwa, mkoromo mdogo unatoka kwenye spika na kumshtua kuku aliyekuwa karibu. Nikasema nimkatie, maana video inakula betri.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Akausogeza uso wake karibu na kioo, akamkagua mwanawe kuanzia paji hadi kidevu, kwa muda mrefu, na nina hakika aliyaangalia masikio.

"Wacha ikule," alisema. "Na wewe chagua kwa sauti ndogo."